Waliomngoja Kuhani Afe

Mtu mmoja alikuwa na shoka zuri na shemeji mcheshi, na asubuhi ile walikuwa wakibishana kuhusu chumvi. Mtu huyo aliitwa Zabdi. Shemeji yake, Hori, alikuwa kaka wa mkewe, nao walikuwa wamepanda msituni kukata mwaloni wa boriti. Naara, mke wa Zabdi, alikuwa amewafungia bakuli la dengu, na dengu zilikuwa zimezidi chumvi.

"Dada yangu hakuwa hivi alipokuwa kwetu," alisema Hori. "Wewe ndiye uliyemharibu mkono."

"Kwenu hamkuwa na chumvi. Alipoiona kwangu akapagawa."

Hori alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaliinua shoka, akalitikisa. "Na hili shoka lako, shemeji, linacheza kama jino la mtoto."

"Tukimaliza mti huu nitalilowesha."

Mpini uliolegea hulazwa majini, mti ukavimba, ukakibana chuma. Kila mkata miti analijua hilo, na Zabdi alikusudia kulifanya. Miaka mingi baadaye alikuwa bado akijiambia neno hilo moja, kwamba alikusudia. Alilisimamia shina, akapiga, akapiga tena, na katika pigo lililofuata mpini ukawa mwepesi ghafla mikononi mwake, chuma kikaruka. Hori alikuwa ameinama kuokota bakuli. Hakutoa sauti.

Katika nchi ile damu iliyomwagika ilikuwa na mwenyewe. Ndugu wa karibu wa marehemu alipaswa kumfuata aliyeua na kumuua. Haikuwa hasira peke yake. Ulikuwa ni wajibu, kama vile kuzika ni wajibu. Lakini Sheria ileile iliyompa ndugu haki hiyo ilikuwa imetenga miji michache ya makimbilio, ili mtu aliyeua pasipo kukusudia akimbilie huko. Wazee wa mji wangesikiliza maneno yake, na wakiona hakuwa na chuki moyoni, angekaa ndani ya mawe ya mpaka. Akitoka nje ya mawe na mwenye kisasi akamkuta, damu yake ni juu yake mwenyewe. Angekaa humo mpaka kuhani mkuu wa taifa afe. Siku hiyo, na si kabla yake, angerudi nyumbani kwake, na mtu yeyote asingemgusa.

Zabdi alikimbia. Nyuma yake kwa mbali alikuja Ahira, kaka mwingine wa Naara, ambaye damu ile sasa ilikuwa mali yake. Zabdi aliyapita mawe ya mpaka akiwa hawezi tena kusema, na Ahira akasimama upande wa pili akihema, na hawakutukanana. Walikuwa wamekula meza moja tangu harusi.

Wazee walimsikiliza. Walimuuliza kama aliwahi kugombana na Hori, akasema ndiyo, kuhusu chumvi. Hawakucheka. Walimuuliza kuhusu mpini, akawaeleza kila kitu. Alitaka wamwambie kama ana hatia au hana. Walimwambia: "Utakaa hapa." Alingoja waongeze neno, lakini hawakuongeza.

Mji ule haukuwa gereza. Ulikuwa na visima, soko, watoto na mbuzi, na mtu aliweza kufanya kazi na kula jasho lake. Zabdi alipata kazi ya useremala. Aliishi chumba kimoja na mwashi mmoja aitwaye Helezi, ambaye jiwe lilimponyoka alipokuwa akijenga ukingo wa dari, likamwangukia mpita njia. Helezi alikuwa na ulimi usiotulia. Kila msafiri aliyeingia kutoka upande wa hekalu alikutana naye langoni, akakaribishwa maji, kisha akaulizwa swali lilelile.

"Mzee anaendeleaje?"

"Kuhani mkuu? Hajambo. Ila nasikia anakohoa."

"Ni kikohozi kikavu au cha makohozi?"

Wakimbizi wote walinyamaza kusikiliza jibu. Msafiri akiondoka, Helezi aliwageukia wenzake. "Jamani, katika taifa zima hakuna watu wanaojali afya ya yule mzee kama sisi." Walicheka, kisha walitazama chini, kwa kuwa kila mmoja alijua ni kujali kwa namna gani.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyelijua jambo hilo. Kuhani mkuu alikuwa na mama yake mzazi, bibi mwembamba aliyenyooka kama fimbo, naye kila mwaka, mvua zilipokwisha, alikuja mjini mwenyewe na punda waliobeba mikate ya tini na mavazi ya sufu. Aliwagawia wakimbizi kwa mkono wake. Ilikuwa desturi ya mama wa makuhani wakuu tangu zamani. Helezi ndiye aliyethubutu kumuuliza.

"Mama, unatulisha ili tusimwombee mwanao afe?"

"Ndiyo, mwanangu," alisema bibi. "Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia. Shika mkate."

Alipofika kwa Zabdi alimpima joho mabegani, akalivuta likae vizuri. "Una mke?"

"Ninaye, mama. Yuko kijijini."

"Basi wewe ndiye ninayekuogopa," alisema. Kisha akamwomba aahidi kwamba hatamwombea mwanawe mabaya. Zabdi aliahidi, na wakati huo alikuwa anasema kweli.

Naara hakuhamia mjini. Alikuja kila wakati wa kukata manyoya ya kondoo, akakaa chini karibu na jiwe la mpaka, Zabdi akakaa upande wake wa ndani. Safari ya kwanza hakusema chochote. Alikaa mpaka jua lilipoanza kushuka, akaondoka. Zabdi aliuchukua ukimya ule kuwa ndiyo hukumu ambayo wazee walimnyima, na kwa namna fulani ulimtuliza. Safari iliyofuata Naara alileta nguo zilizoshonwa na habari za mifugo. Zabdi akamsihi aje waishi pamoja.

"Nikihamia kwako," alisema Naara, "Ahira atakuwa amepoteza ndugu wawili."

"Na mimi?"

"Wewe una mji mzima unaokulinda. Yeye hana hata mtu wa kumpikia."

Zabdi hakuelewa jinsi mwanamke anavyoweza kumpikia mtu ambaye kazi yake ni kumngoja mume wake atoke nje. Lakini Naara alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na kila alipokuja mpakani uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajamchukia yeyote kati yao na amechoka kwa sababu hiyo. Zabdi alianza kuishi kwa tumaini moja tu, kurudi kwa mwanamke huyu kabla hajaisha. Alihesabu umri wa kuhani, akahesabu umri wa mkewe, akajichukia kwa hesabu hizo, na bado akazirudia.

Kisha mwaka mmoja, wakati wa mvua ya mwisho, aliyefika kwenye mawe hakuwa Naara. Alikuwa Ahira. Maji yalimtiririka usoni. Zabdi aliitwa, akaja, akasimama ndani ya mpaka mahali ambapo mkono usingemfikia.

"Naara anaumwa," alisema Ahira. "Anakuita. Ukitaka kumkuta, twende sasa."

Zabdi alimtazama machoni. Alikuwa hajayaona macho yale kwa karibu tangu siku ile ya kwanza, na aliyoyaona humo yalikuwa yaleyale, ila yalikuwa yamezeeka. Helezi alikuwa amemfuata Zabdi, akamvuta pembeni.

"Usiwe mjinga, rafiki yangu. Tangu lini mwenye kisasi akatumwa kuleta habari za ugonjwa? Hawana jirani kijiji kizima?"

"Na kama ni kweli?"

"Kama ni kweli utakufa njiani, na yeye atakufa hajakuona. Kama ni uongo utakufa njiani, na yeye yuko mzima anakanda unga. Popote utakapoishika, njia hii inakuua."

Hoja ilikuwa nzuri. Zabdi alirudi kwenye jiwe. Alifungua mdomo aseme atakwenda, akasikia sauti yake ikisema, "Mwambie nitakuja siku nitakapofunguliwa." Ahira alisimama kidogo katika mvua kana kwamba hajasikia, kisha akageuka akaenda.

Jioni ile Zabdi aliivunja ahadi aliyompa mama wa kuhani. Hakutaja jina. Alielekea upande wa hekalu, akiwa amevaa lile joho la sufu kwa sababu kulikuwa na baridi, akasema: "Bwana, mchukue." Akasimama hapo. Alidhani atajisikia mwovu, lakini alichokisikia ni kuchanganyikiwa tu. Je, alikuwa anaomba haki, au rehema, au mauaji? Kama Mungu angekubali, angekuwa amemuua mtu wa pili, na safari hii kwa kukusudia. Kama Mungu asingekubali, mwanamke asiye na kosa angekufa akimwita. Alitafuta ombi jingine lililo safi, akakosa. Sheria ilikuwa imemwachia mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa kaburi la mtu mwema.

Baada ya siku chache mjumbe alifika langoni nguo zake zikiwa zimeraruliwa. Helezi hakumuuliza afya ya mtu. Wazee wakatoka, wakawaita wakimbizi wote, wakawaambia wako huru, na kwamba waondoke bila kelele, kwa kuwa taifa limo katika msiba.

"Tulizeni nyuso zenu, jamani," Helezi alinong'ona. "Tukifika mbali tutacheka." Lakini alikuwa analia tayari, na hakuonekana kujua analia nini.

Zabdi alishika njia peke yake. Katika kila kijiji alichopita watu walikuwa wamejipaka majivu. Wanaume walikaa mbele ya milango vichwa wazi, wanawake waliimba nyimbo za maombolezo, na watoto walifuata kwa kuigiza, wakijimwagia vumbi. Alikuwa mtu pekee barabarani aliyekuwa na furaha. Furaha yenyewe ilimtisha, akauficha uso wake ndani ya joho alilopewa na mama wa marehemu. Aliwaza: Nimeomba, na imetendeka. Akawaza tena: Hapana, mzee alikuwa akikohoa siku zote. Mawazo hayo mawili yalitembea naye, moja huku na jingine huku. Karibu na kijiji chake alijikwaa pale mvua ya mwisho ilipoikata barabara na kuacha mtaro wa mawe, akaanguka, akaamka, akaenda mbio.

Nyumbani kwake kulikuwa na majivu mlangoni. Majirani walikaa chini kimya. Ahira alikuwa kwenye mkeka, kanzu yake imechanwa hadi kifuani. Zabdi aliyaona yote haya, na hakushtuka, kwa kuwa alikuwa ameyaona katika kila mlango tangu asubuhi. Hata alipendezwa kwamba watu wake nao walimheshimu marehemu. Alisimama mbele ya Ahira, akiwa huru, bila woga kwa mara ya kwanza tangu msituni, akasema kwa adabu kama mgeni anavyopaswa:

"Poleni kwa msiba. Alikuwa mtu mwema."

Ahira aliinua kichwa. "Unamsema nani?"

"Kuhani mkuu."

"Nani hapa anamlilia kuhani?" alisema Ahira.

Jirani mmoja mwanamke akaanza kulia kwa sauti. Hapo Zabdi akaelewa, si kwa maneno ya Ahira, bali kwa namna watu walivyosogea kumpa nafasi kwenye mkeka. Mume wa marehemu hukaa hapo, upande wa kulia wa ndugu. Walikuwa wamemzika siku iliyotangulia. Zabdi aliingia ndani. Matandiko ya kitanda yalikuwa yamekunjwa. Viatu vyake Naara vilikuwa chini ya dirisha, kimoja kikiwa na ukanda uliokatika, na sindano bado imechomekwa pale alipoanza kuushona. Alivitazama kwa muda mrefu, akatoka, akakaa kwenye mkeka karibu na mtu aliyekuwa akimkimbia miaka yote ile. Mabega yao yaligusana kwa sababu mkeka ulikuwa mdogo.

"Nilikuja mikono mitupu," Ahira alisema baadaye, akitazama mbele. "Niliacha hata kisu cha mkate. Naara aliniapisha."

"Sikuitazama mikono yako."

"Niliona. Ulinitazama machoni. Kilichokuwa machoni sikuweza kukiacha nyumbani."

Zabdi alikusanya nguvu, akauliza lile alilohitaji kujua kuliko kama ana hatia. "Ningetoka siku ile, ungeniacha nifike kwake?"

Ahira alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. Ndiyo maana aliogopwa. "Sijui," alisema. "Mpaka kwenye mawe nilikuwa ninajua. Kutoka pale kurudi, sijui."

Waliokuja kutoa rambirambi walileta na habari za hekaluni, kama watu wanavyofanya. Mmoja alisema kuhani mkuu alifariki kabla ya mvua ya mwisho, ila mjumbe alicheleweshwa na mito. Mwingine akabisha, akasema ni baada ya mvua. Zabdi aliwasikiliza kila mmoja. Kama ilikuwa baada, basi huenda Mungu alimsikia, akampa alichokiomba wakati kilipokuwa hakimfai tena. Kama ilikuwa kabla, basi hakumuua mtu kwa maombi yake. Lakini hapo alikuwa mtu huru tayari Ahira aliposimama kwenye mvua, na wala Sheria wala upanga havikuwa kati yake na mkewe, ila mawe tu, na hofu. Aliwauliza wale watu wawili wana uhakika gani. Kila mmoja alikuwa na uhakika kabisa. Zabdi aligundua kwamba hajui aombe ipi kati ya habari hizo iwe kweli.

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya wengine, akachukua jembe, akatoka.

Wafiwa katika nchi ile hawafanyi kazi mpaka siku za matanga zimalizike. Hukaa chini, hawavai viatu, na majirani huwalisha. Zabdi alikwenda pekupeku mpaka pale mvua ilipoikata barabara. Iliamriwa tangu zamani kwamba kila kijiji kitengeneze kipande chake cha barabara iendayo mji wa makimbilio, ili anayekimbia asikwame. Kipande kile kilikuwa cha kijiji chao, na mwaka huu, kwa ajili ya ugonjwa na misiba, hakuna aliyekigusa. Alishuka mtaroni, akaanza kupanga mawe, makubwa chini, madogo juu yake, na kusindilia udongo kwa mgongo wa jembe.

Ahira alimfuata, majivu bado yako kichwani. Alisimama ukingoni.

"Shemeji," alisema. Alikuwa hajalitamka neno hilo tangu kifo cha Hori. "Siku za matanga hatufanyi kazi. Watu watasema humlilii."

"Na mtu akikimbia leo," Zabdi alisema bila kuinua kichwa, "tumwambie angoje tumalize kulia?"

Ahira hakuokota jiwe, wala hakuondoka. Jua lilipanda, kivuli chake kikaanguka ndani ya mtaro, na Zabdi akaendelea kufanya kazi akiwa amempa mgongo.

Sasa semeni, ninyi mnaoijua Sheria: kati ya watu wote hawa, ni nani aliyeokolewa, na aliokolewa na nini?